Gari linalogoma leo na kuwaka kesho

Mama mpenzi, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Umetoka sokoni, jua la saa nane liko utosini, watoto wamekwisha kukaa nyuma na kapu la nyanya liko miguuni mwao. Unazungusha funguo. Stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki. Unajaribu tena na tena. Vijana wa sokoni wanasogea. Mmoja anasema ni betri, wa pili anasema ni plagi, wa tatu anataka mshuke lisukumwe. Nusu saa baadaye unajaribu kwa kukata tamaa, na gari linawaka mara moja kana kwamba halikuwa na neno.

Jioni unamsimulia baba watoto. Anatoka nje, anazungusha funguo mara moja tu, gari linanguruma. Anakutazama. Hasemi kitu, lakini anachofikiri umekwisha kukielewa.

Sisi hayo yalitupata hapa Morogoro kuanzia Februari hadi Novemba mwaka 2022. Gari letu ni dogo, lilitengenezwa Japani mwaka 1996, likaletwa nchini likiwa limetumika, kama yalivyo mengi ya barabara zetu. Tumeona tuandike yaliyotupata, maana tunajua nyumba nyingi zina gari la namna hiyo, na ni mama anayelitumia mchana kuwapeleka watoto shule, kliniki na sokoni.

Fedha iliyoliwa na kubahatisha

Mara ya kwanza tulipeleka gari gereji iliyo karibu. Lilipofika likawaka kama kawaida. Fundi akasema plagi zimechoka, tukanunua plagi nne. Baada ya wiki mbili likagoma tena. Tukaambiwa ni betri, tukanunua betri. Mwishoni mwa Mei tukaambiwa kwa uhakika kabisa kwamba ni pampu ya mafuta. Pampu ile pamoja na ufundi ilitugharimu shilingi 250,000, na fedha hiyo tuliitoa kwenye bahasha ya ada ya muhula wa pili.

Juni, Julai na Agosti gari halikugoma hata siku moja. Tukashukuru, tukasema fundi kapatia. Hatukufikiri kwamba miezi hiyo ndiyo ya baridi hapa kwetu.

Mwezi wa Oktoba joto likarudi, na ugonjwa ukarudi nalo. Siku moja mtoto wetu wa mwisho alichemka homa shuleni. Tukamchukua mchana ule tukampeleka zahanati. Walipompima wakasema apelekwe hospitali kubwa bila kukawia. Tukarudi kwenye gari tukiwa na mtoto begani, tukazungusha funguo, na gari likagoma. Tulifika hospitali kwa bajaji. Ilikuwa malaria, na mtoto alitibiwa akapona. Lakini usiku ule hatukulala, na asubuhi baba watoto alisema maneno mawili: tuliuze tu.

Kilichotuuma zaidi si gari. Kilichotuuma ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi hata mara moja kuliona likigoma. Alisema huenda tunakanyaga mafuta vibaya. Alisema labda hatuna subira na funguo. Ndani ya nyumba, tatizo la gari lilikuwa limeanza kuwa tatizo la dereva.

Habari za mgonjwa

Kabla ya kuliuza tulimwendea mzee mmoja, fundi wa siku nyingi wa umeme wa magari. Tulimweleza. Naye akazungusha funguo, gari likawaka. Tulidhani atatucheka, lakini alizima injini akasema:

"Mama, mimi nikilikuta linawaka siwezi kulitibu. Ningebadilisha kitu, ningekuwa nakula fedha yako. Ukimpeleka mtoto hospitali, daktari anakuuliza nini? Homa inaanza saa ngapi? Inakuja kila siku au siku moja moja? Amekula nini? Daktari hakai na mtoto, unayekaa naye ni wewe. Na gari hili ni hivyo hivyo. Kaniandikie habari zake, uniletee."

Tukarudi nyumbani, tukachukua daftari la shule la kurasa arobaini, tukaliweka ndani ya dashibodi pamoja na kalamu. Kila gari lilipogoma tuliandika, na pale lilipowaka vizuri katika hali kama ile, tuliandika pia. Mzee alisisitiza hilo la pili, maana siku lisipogoma nayo ni habari.

Alitufundisha pia kusikiliza. Gari la zamani lenye kabureta hunyonya petroli lenyewe kwa mvuto wa hewa. Gari la nozeli halifanyi hivyo. Pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi husukuma petroli kwa presha hadi kwenye nozeli, na kompyuta ndogo ya gari huamua kila nozeli inyunyize kiasi gani. Katika magari mengi ya aina hii, ukizungusha funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, kabla hujapiga stata, utasikia pampu ikivuma nyuma kwa sekunde mbili hivi, kisha inanyamaza. Ni sauti ndogo, kama ya nyuki ndani ya chupa. (Magari mengine ya miaka ile hayafanyi hivyo mpaka stata izunguke, kwa hiyo lizoee gari lako kwanza likiwa zima.)

Daftari lilisema nini

Katika wiki nne gari liligoma mara sita. Tulipozisoma siku zile zote pamoja, kwa mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa na sura.

Mara zote sita ilikuwa kati ya saa saba na saa kumi mchana. Mara zote gari lilikuwa limetembea kwanza, kisha likasimama juani, vioo vimefungwa, kwa dakika kumi na tano hadi arobaini. Tulipoliacha chini ya mwembe wa shule halikugoma hata mara moja. Tulipofungua milango yote na kungoja, liliwaka. Na mara zote sita stata ilizunguka kwa nguvu, taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka na kuzimika kama kawaida, lakini ule mvumo wa nyuma haukusikika.

Baba watoto alilisoma daftari lile usiku, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kumbe mimi huwa naliendesha asubuhi na jioni tu." Hatukumjibu kitu. Hapakuwa na haja.

Mzee naye alipolisoma hakugusa spana. Alituambia tulete gari siku ya jua kali, tulizungushe mjini kwanza, kisha tuliache uwanjani kwake vioo vimefungwa. Saa nane na nusu akazungusha funguo. Gari likagoma mbele yake.

Hapo akafanya kazi kwa mpango. Alichukua waya wenye fyuzi akapeleka umeme moja kwa moja kwenye pampu. Pampu ikavuma, na gari likawaka. Maana yake pampu ilikuwa nzima, ila umeme haukuifikia. Akafuata njia ya umeme huo kurudi nyuma hadi kwenye rilei, kijisanduku kidogo kilicho chini ya dashibodi ambacho huiwashia pampu umeme. Alikichomoa, akakifungua, akatupa kioo cha kukuzia tutazame. Kwenye kibao cha ndani kulikuwa na vidoti vya risasi iliyounga miguu ya vyuma, na kidoti kimoja kilikuwa na ufa mwembamba wa duara, kama unywele. Kikipata joto hutanuka, ufa hufunguka, umeme hukatika. Kikipoa hukutana tena, na gari huwaka.

Aliyeyusha risasi mpya juu ya vidoti vile vyote. Alitudai shilingi 20,000. Tokea siku hiyo gari halijagoma tena kwa namna ile. Na ile pampu ya zamani tuliyoitupa Mei, yawezekana sana haikuwa na kosa lolote.

Swali la kwanza: stata inazungukaje?

Hatusemi kwamba ugonjwa wa gari lako ni rilei. Yetu ilikuwa rilei. Yako yaweza kuwa kitu kingine kabisa. Tunachosema ni kwamba hali ya kugoma ndiyo inayoonyesha pa kutazama. Hebu tuipitie pamoja, mama msomaji.

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu ili iwake: izungushwe kwa nguvu ya kutosha, ipate petroli kwa kiasi chake, na ipate cheche kwa wakati wake. Kwa hiyo kwanza sikiliza stata. Ikizunguka kwa uvivu, au ikitoa "tak" moja na kunyamaza, tatizo liko upande wa umeme wa kuizungusha. Tazama vichwa vya betri: vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au vikicheza kwa mkono, visafishwe na kukazwa kabla hujanunua chochote. Tazama pia waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma kama volti 12.6 kwenye mita. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi, ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi. Mita ndogo ya kupimia umeme haina bei kubwa, na kijana wako wa sekondari anaweza kuitumia.

Kama stata inazunguka vizuri na injini haishiki, endelea mbele.

Likigoma asubuhi tu

Gari likilala usiku kucha na asubuhi likazungushwa muda mrefu ndipo liwake, huenda presha ya petroli imevuja. Ndani ya pampu kuna vali ndogo inayozuia petroli isirudi kwenye tangi. Vali hiyo ikichoka, mpira huwa mtupu asubuhi. Jaribio lake ni rahisi: kama gari lako ni la aina inayovuma mapema, zungusha funguo mpaka taa ziwake, ngoja sekunde tatu, zima, rudia mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka papo hapo, ilhali siku nyingine linasumbua, mwambie fundi apime presha ya petroli kwa geji, na aone kama inashuka gari likizimwa.

Lakini ikiwa asubuhi kuna harufu kali ya petroli, na likiwaka linatoa moshi mweusi, huenda nozeli inadondosha petroli usiku na injini inalowa. Katika magari mengi ya nozeli, kukanyaga mafuta mpaka chini kabisa huku unapiga stata huiambia kompyuta ipunguze au ikate petroli, na injini iliyolowa hukauka. Ukifanya hivyo likawaka, liandike.

Yuko pia mwongo mmoja mdogo: sensa ya joto la maji ya injini. Kompyuta huitegemea kujua kama injini ni baridi au moto. Sensa ikidanganya kwamba injini ni moto ilhali ni baridi, petroli hutolewa kidogo mno na gari husumbua asubuhi. Ikidanganya kwamba ni baridi ilhali ni moto, petroli huzidi na gari husumbua mchana. Katika magari mengi sensa hii si ile inayopeleka habari kwenye mshale wa joto wa dashibodi, kwa hiyo mshale kuwa sawa si ushahidi. Fundi aipime injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Sensa za kawaida husoma kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye joto la digrii 20, na hushuka hadi mamia machache tu kwenye digrii 80.

Likigoma likiwa moto, au siku ya mvua

Likigoma mchana baada ya kusimama kidogo, fikiria vitu vya umeme vinavyochoshwa na joto: rilei kama yetu, kifaa cha kutengeneza cheche, au sensa inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Hapa ndipo sikio linapookoa fedha. Pampu ikivuma na bado halishiki, fundi atazame kama kuna cheche. Pampu ikinyamaza, afuate umeme wa pampu kabla ya kuuza pampu.

Likigoma siku za mvua au asubuhi za umande, tazama waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, kama gari lako linavyo. Plastiki ya zamani hupata nyufa, unyevu huingia, cheche hutoroka njiani. Usiku wa giza, injini ikiunguruma na boneti limefunguliwa, cheche hizo zinaweza kuonekana zikirukaruka. Tazama kwa macho tu, mama. Usitie mkono, maana umeme wa plagi ni mkali sana.

Na ikiwa taa ya injini inabaki imewaka, usikubali izimwe tu. Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya kosa. Magari mengi ya miaka ya 1990 hulitaja kosa kwa kuwaka na kuzimika kwa taa hiyo, fundi akihesabu. Ya baadaye husomwa kwa mashine. Ila ujue kwamba hitilafu nyingine, kama ile ya rilei yetu, haziachi kumbukumbu yoyote.

Andika haya katika daftari

Kila mara gari likigoma, andika:

1. Tarehe, saa, na hali ya hewa: jua, mvua, baridi.
2. Lilikuwa limesimama muda gani, na wapi: kivulini au juani.
3. Kabla ya hapo lilitembea mwendo mrefu au mfupi.
4. Stata ilizungukaje: kwa nguvu, kwa uvivu, au haikuzunguka.
5. Pampu ilivuma au ilinyamaza.
6. Taa zipi za dashibodi ziliwaka.
7. Kulikuwa na harufu ya petroli, au moshi, na wa rangi gani.
8. Kiasi cha mafuta katika tangi, na lini mara ya mwisho ulijaza.
9. Ulifanya nini likawaka, na baada ya dakika ngapi.

Mambo ya kujihadhari

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Pumzisha nusu dakika, la sivyo utaunguza stata na kumaliza betri. Ukisikia harufu ya petroli, acha kabisa, shusha watoto, na mtu asiwashe kiberiti wala sigara karibu. Usimruhusu mtu wa njiani kufungua mpira wa petroli injini ikiwa moto, kwani petroli iko kwenye presha na itaruka. Gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, kwa hiyo usiwachoshe watu bure. Na unapongoja lipoe, watoto wasikae ndani vioo vimefungwa, hata kwa dakika chache.

Kwa fundi, sema kwa upole lakini sema: "Tafadhali pima kwanza, kisha unionyeshe." Fundi mzuri hatachukia. Omba urudishiwe kila spea iliyotolewa. Na kama gari linagoma saa nane mchana, usilipeleke saa mbili asubuhi. Liache kwake mpaka saa yake ifike.

Daftari letu bado limo ndani ya dashibodi. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa wiki iliyopita, na mwandiko si wetu. Ni wa baba watoto: "Jumamosi, saa moja asubuhi, baridi. Lilichelewa kidogo kuwaka. Pampu imevuma. Tuangalie vichwa vya betri." Tuliviangalia pamoja, na kweli kimoja kilikuwa kimelegea.